Hewa iliyojificha kwenye injini: kabla hujatoa themostati, kabla hujashusha hedi

"Fundi, habari za kazi. Nina Carina Ti ya mwaka 1999, injini ya 5A. Mwezi uliopita rejeta ilipasuka pale juu kwenye plastiki, nikaweka nyingine kwenye gereji moja Morogoro. Fundi alijaza maji mpaka yakafika mdomoni, akawasha gari dakika tano, akafunga kifuniko, nikaendelea na safari ya Njombe. Hadi Ruaha Mbuyuni mshale wa temprecha ulikuwa pale pale karibu na katikati. Kupanda Kitonga nyuma ya malori ukaanza kupanda, ukakaribia nyekundu, halafu ukaanguka ghafla kabla hata sijasimama, kisha ukapanda tena. Nikaegesha. Mafinga baridi ikanibana, nikafungua hita: upepo baridi. Tangu hapo kila asubuhi nikiwasha nasikia maji yanabubujika nyuma ya dashibodi. Nimeongeza maji mara tatu, jumla kama lita moja na nusu, na chini ya gari sioni hata tone. Fundi wa hapa anasema tutoe themostati, nchi ya joto haina kazi nayo. Mwenzake anasema gasketi ya hedi imeungua, hedi ishuke. Nimsikilize nani?"

Kwa sasa usimsikilize hata mmoja wao, ndugu yangu. Wa gasketi, ile tabaka nyembamba inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na mwili wa injini, anaweza kuja kuwa sahihi, na nitakuonyesha namna ya kumhakiki bila kulegeza bolti hata moja. Wa themostati hayuko sahihi. Lakini ukisoma tena ulichoandika utaona umenitajia ugonjwa mwenyewe bila kujua: mshale unaoruka, hita inayotoa baridi wakati injini ni moto, maji yanayobubujika nyuma ya dashibodi, na lita moja na nusu iliyoingia bila kutokea popote. Hiyo lita na nusu inawezekana kabisa haijapotea. Imekwenda kukaa mahali palipokuwa na hewa tangu siku ile ya Morogoro.

Kosa lililofanyika pale ni la kawaida mno, nami nimelifanya zaidi ya mara moja nilipokuwa nakimbizana na wateja. Fundi akiona maji yamefika mdomoni mwa rejeta anaamini injini imejaa. Rejeta imejaa, ndiyo. Injini ni chombo kingine. Ikiwa baridi, themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, imefunga, na kwenye injini yako themostati imekaa pale maji yanaporudi kutoka chini ya rejeta kuingia kwenye bloku, yaani mwili wa injini. Kwa hiyo maji unayomimina hayana njia ya maana ya kuingilia kwa chini. Yanasubiri kiwango kipande hadi kwenye mpira wa juu, ndipo yaingie injini kupitia mpira huo huo ambao hewa nayo inautaka kutokea. Umewahi kujaza haraka dumu lenye mdomo mwembamba? Linafoka, linatema, unadhani limejaa, ukilitikisa kiwango kinashuka. Injini ni hivyo hivyo, ila yenyewe huwezi kuitikisa, na ndani ina vichochoro: juu ya silinda hedi, kwenye mipira miwili inayopanda kwenda kwenye hita, na kwenye hita yenyewe, ambayo ni kama rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Dakika tano za kunguruma bila kukanyaga mafuta kwa kawaida hazitoshi hata kuifungua themostati.

Sasa kwa nini ulifika Ruaha Mbuyuni salama? Kwa sababu barabara tambarare haiidai injini kitu kikubwa, na upepo wa mwendo unapoza rejeta vizuri. Maji machache yaliyokuwa yanazunguka yalitosha. Kitonga ni habari nyingine: gia ndogo, mafuta yamekanyagwa, mbele yako lori limebeba mzigo linatambaa, upepo wa mwendo hakuna. Joto linaloingia kwenye maji linaongezeka sana, na hapo ndipo pengo linapojitokeza.

Hewa ina madhara matatu humo ndani, na inafaa uyaelewe kwa sababu ndiyo yanayowachanganya mafundi wako. La kwanza, hewa haibebi joto. Ukichukua lita moja ya maji na lita moja ya hewa ya kawaida, ukapandisha zote nyuzi moja, maji yamebeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lile lililobebwa na hewa. Mahali penye povu la hewa juu ya chumba cha moto, chuma hakina wa kukipokea joto lake. La pili, wota pampu haiwezi kusukuma hewa. Kile kipangaboi chake hurusha maji kwa sababu maji ni mazito; kikipata hewa kinazunguka bure, na maji yanaweza kusimama injini ikiwa inanguruma vizuri kabisa. Hita yako ilitoa upepo baridi kwa sababu hiyo: maji ya moto hayakufika.

La tatu ndilo lililokutisha Kitonga. Sensa ya temprecha inasoma kile kilichoigusa. Imetengenezwa ilowe maji. Povu la hewa likipita na kuizunguka, inapoa, mshale unaanguka. Povu likihama, maji yaliyokuwa yanatokota jirani yanaifikia, mshale unaruka. Kwa hiyo ule mshale ulioanguka ghafla haukuwa nafuu. Kwa dakika chache ulikuwa unasafiri bila kipimo. Ulifanya vizuri sana kuegesha. Wengi wakiuona umeshuka wanamshukuru Mungu na kuongeza mwendo. Na kwa taarifa, kwenye magari mengi ya miaka ile na baada yake mshale umetengenezwa ukae katikati hata joto likicheza nyuzi kadhaa, ili mwenye gari asihangaike. Ukiona umevuka katikati, injini imeshapata moto kuliko unavyodhani. Wenye Vitz za mwanzo hawana hata mshale, wana taa ya bluu na nyekundu tu, na ile nyekundu huwaka wakati mambo yameshaharibika.

Hapo hapo ndipo fundi wa gasketi alipopatia hoja. Chuma kisichofikiwa na maji kinapata moto, maji ya pembeni yake yanageuka mvuke, mvuke unataka nafasi kubwa mara mamia kuliko maji yaliyouzaa, unasukuma maji yaliyobaki kwenda kwenye chupa ya akiba, chupa inafurika. Mtu anayefungua boneti akaona chupa inatokota na rejeta imepungua atasema "gasketi" bila kupepesa macho. Hewa tupu inaweza kuigiza gasketi iliyoungua hivyo. Nimeona hedi zikishushwa, zikapelekwa kukwanguliwa, zikarudishwa na gasketi mpya, halafu gari likachemsha tena wiki hiyo hiyo kwa sababu waliporudisha walijaza maji kwa mtindo ule ule.

Kuhusu themostati. Hoja ya "nchi ya joto" ina sura ya akili, ndiyo maana imeenea kuanzia Dar hadi Kampala. Lakini themostati haiulizi hali ya hewa ya nje. Yako huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi, na hakuna siku Tanzania ilifika huko. Injini imepimwa ifanye kazi ikiwa na joto lake. Ikikosa, kompyuta yake inadhani bado asubuhi, inamwaga mafuta zaidi. Na kuna jambo ambalo wanaoitoa hawalijui: kwenye Toyota nyingi, ikiwemo familia ya injini yako, themostati ina sahani mbili. Ya juu inafungua njia ya rejeta, ya chini wakati huo huo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto itakuwa inazunguka ndani kwa ndani, haioni rejeta kabisa. Kwenye tambarare gari litakuwa baridi mno, na kwenye mlima litachemsha. Yaani unaitoa ili gari lisichemshe Kitonga, na Kitonga ndipo litakapochemsha.

Kama ni kuukuu, badilisha. Wakati wa kufunga utaona kuna kipini kidogo kinachochezacheza kwenye ukingo wake. Hicho ndicho kinachopitisha hewa injini ikiwa baridi. Kinatakiwa kiwe juu kabisa, kama saa sita. Ukikifunga kimeangalia chini, umejitengenezea mtego wa hewa kwa mikono yako.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Unaweza kuifanya nyumbani, ila kwa sharti moja nisilolipunguza: injini iwe imelala usiku kucha. Usifungue kifuniko cha rejeta gari likiwa moto, hata kwa kitambaa, hata "kidogo kidogo". Maji yaliyo chini ya kifuniko yanaweza kuwa nyuzi 110 na zaidi bila kuchemka kwa sababu yamebanwa. Ukilegeza, yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Mimi nina alama kwenye mkono wa kulia tangu ujana wangu wa gereji, na nilikuwa nimeshika kitambaa kinene. Ikimtokea mtu, ni maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 halafu hospitali. Dawa ya meno, asali na mayai havina kazi hapo.

Asubuhi hiyo liegeshe gari pua ikiangalia mlima. Njombe hamkosi mlima. Weka breki ya mkono na mawe nyuma ya magurudumu. Lengo ni mdomo wa rejeta uwe sehemu ya juu kuliko zote kwenye mfumo, maana hewa hupanda, na ikipanda iukute mdomo uko wazi. Kitufe cha joto kwenye dashibodi kipeleke kwenye moto wa mwisho, feni ya ndani iwe namba moja. Magari mengi ya rika la Carina yana vali inayofunga maji ya hita ukiweka baridi, na vali ikifungwa hewa iliyo huko inabaki huko. Kama gari lako liliwahi "kukatwa hita", yaani mipira miwili imeunganishwa kwa bomba bila kupita ndani, dalili ya hita haitakusaidia. Lakini kwako wewe mbubujiko wa dashibodi unaniambia hita bado ipo.

Chukua chupa ya plastiki ya maji ya lita moja na nusu, kata kitako, funga ukanda wa mpira wa baiskeli shingoni mwake hadi ikaze kwenye mdomo wa rejeta. Hapo umepata faneli iliyosimama. Gereji kubwa zina kifaa cha kazi hii chenye adapta za kila gari, lakini chupa imenifanyia kazi miaka mingi. Faida yake ni kwamba kiwango cha maji sasa kiko juu ya injini nzima, na hewa ikitoka utaiona kwa macho, na nafasi yake inachukuliwa na maji hapo hapo badala ya hewa nyingine.

Mimina polepole. Polepole maana yake ni kwamba ukichoka, unapumzika. Kisha minya mpira wa juu na wa chini kwa mkono, mara kumi, ishirini, kama unayemkamua ng'ombe. Utasikia ikiguna na kuona mapovu yakija kwenye chupa. Hatua hii wengi wanairuka na ndiyo inayotoa hewa nyingi kuliko zote, kabla hata hujawasha. Endelea hadi maji kwenye chupa yasishuke tena.

Sasa washa, chupa ikiwa pale pale, ikiwa na maji hadi robo tu ili isimwagike maji yakipanuka. Usiwashe AC. Acha injini ingurume. Mapovu yatakuja kwa mafungu: kimya, halafu povu kubwa, halafu kimya. Gusa mpira wa chini kila baada ya dakika chache. Kwenye injini yako wa juu utapata moto mapema, huo usikudanganye. Wa chini utakaa baridi muda mrefu, dakika 10, 15, hata 20 kwa baridi ya Njombe, kisha kwa muda mfupi utageuka moto. Hapo themostati imefunguka, na mara nyingi utaona maji kwenye chupa yakishuka ghafla. Ongeza. Sasa kanyaga mafuta taratibu hadi injini ifike mizunguko 2,000 au 2,500, shikilia nusu dakika, achia. Rudia mara nne au tano. Wota pampu ikizunguka kwa nguvu inayang'oa mapovu yaliyong'ang'ania kwenye kona za hedi na kwenye hita. Hakuna haja ya kupiga resi kama unafukuza mwizi. Ukizidisha maji yanafoka na kukuunguza. Muda wote jicho liwe kwenye mshale. Ukivuka katikati, zima, acha ipoe, anza upya baadaye.

Subiri feni ya rejeta iwake na kuzima yenyewe mara mbili. Kama feni yako imeungwa moja kwa moja na swichi, kama walivyozoea mafundi wetu wengi, hutapata dalili hiyo. Tumia mpira wa chini na upepo wa hita. Hita ikitoa joto kali mfululizo hata injini ikiwa imetulia, na mapovu yakiwa yamekoma, umemaliza. Zima. Acha kila kitu kilivyo hadi kipoe kabisa, kwa sababu maji yanapopoa yanasinyaa na yatahitaji kunywa kile kilichobaki kwenye chupa. Ndipo uing'oe, ujaze rejeta hadi mdomoni, ufunge kifuniko, na chupa ya akiba uijaze kati ya mistari miwili. Bandika kipande cha tepu pale kiwango kilipoishia.

Kulenti, yaani dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji, isimwagwe chini wala kuachwa kwenye beseni. Ni tamu, watoto na mbwa huinywa, na inaua figo.

Hiyo tepu ndiyo itakayokuamulia kati ya mafundi wako wawili. Hewa iliyoingia kwa sababu gari lilifunguliwa hutoka mara moja tu, haina njia ya kurudi. Kwa asubuhi tatu mfululizo, kabla ya kuwasha, angalia tepu, fungua kifuniko injini ikiwa baridi, angalia mdomo wa rejeta. Siku ya kwanza kiwango kushuka kidogo ni kawaida, mabaki yametoka. Siku ya pili kishuke kidogo zaidi, au kisishuke. Siku ya tatu kisisogee. Ikiwa hivyo, lita yako na nusu, pamoja na hiki ulichoongeza leo, vilikuwa vinajaza pengo la Morogoro. Lakini kama hewa inarudi, acha kuitoa. Hewa inayorudi ina mlango, na kazi yako inakuwa kuutafuta mlango.

Mlango wa kwanza kuuangalia ni wa bei ndogo: kifuniko. Watu wanajua kwamba kifuniko kinazuia maji yasitoke, wachache wanajua kwamba kina vali nyingine ndogo katikati yake ya kuruhusu maji yarudi. Injini ikipoa, rejeta inavuta maji kutoka kwenye chupa ya akiba kama mtu anayenyonya kwa mrija. Raba ya kifuniko ikichakaa, mpira mwembamba wa kwenda kwenye chupa ukipata ufa, au chupa ikiwa tupu, inavuta hewa badala ya maji. Kila usiku inameza hewa kidogo, na hutaona tone chini. Huo mlango ndio ninaoushuku zaidi kwako ukiacha ujazaji, kwa sababu rejeta mpya hufungwa kifuniko cha zamani mara nyingi.

Na kifuniko kwenu huko kina uzito zaidi kuliko kwa mtu wa Tanga. Njombe iko kwenye kimo kinachokaribia mita 2,000. Maji ya chai huko yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94, si 100. Kifuniko kizima, kile kilichoandikwa 0.9 au 1.1 juu yake, kinabana maji kiasi kwamba usawa wa bahari hayachemki hadi nyuzi 118 au 122 hivi, na huko kwenu pungufu kidogo. Kikilegea, injini yako inabaki na nyuzi kama 12 tu kati ya themostati kuanza kufunguka na maji kutokota. Nunua kipya chenye namba ile ile iliyo kwenye cha kiwandani, usiongeze namba kwa kudhani unaongeza nguvu. Rejeta ya plastiki itakujibu.

Mlango wa pili ni uvujaji usioonekana: wota pampu inayotoa unyevu ikiwa moto na kukauka, klipu iliyolegea, hita yenyewe inayolowesha zulia la upande wa abiria. Pitisha mkono chini ya zulia. Ukinusa utamu ndani ya gari, umeipata.

Mlango wa tatu ni ule wa fundi wako wa pili, na sasa unaweza kumhakiki. Injini baridi kabisa, rejeta imejaa, kifuniko kimefungwa. Washa, na ndani ya dakika moja au mbili shika mpira wa juu. Maji hayajapata moto, hayajapanuka, hayana sababu ya kubana. Ukiwa mgumu kama mpira wa miguu, kuna gesi ya mwako inaingia kwenye maji kupitia gasketi au ufa. Siku nyingine fanya kifuniko kikiwa wazi: mapovu machache ya mwanzo yapuuze, lakini mapovu madogo mfululizo, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, na hayakomi hata baada ya dakika nyingi, si hewa iliyobaki. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia ni dalili kubwa. Povu jeupe chini ya kifuniko cha oili peke yake, kwenye baridi ya huko, linaweza kuwa unyevu tu wa safari fupi. Moshi mweupe usiokwisha injini ikishapata moto nao uuhesabu.

Dalili hizo zikijitokeza, usimruhusu mtu ashushe hedi kabla ya kipimo kimoja cha mwisho, na hapa ndipo unapohitaji gereji. Kuna kimiminika cha bluu kinachovutishwa hewa ya juu ya maji ya rejeta. Gesi ya mwako ikiwepo kinageuka njano. Gereji yenye kompresa inaweza pia kutia upepo kwenye silinda moja moja kupitia tundu la plagi na kuangalia ni ipi inayotoa mapovu kwenye rejeta. Hivyo vyote havifikii gharama ya kushusha hedi. Na sitakuficha: ulichemsha Kitonga. Bloku ya injini yako ni chuma, hedi ni alumini, na alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Hedi iliyopata moto mkali inaweza kupinda hata kama chanzo kilikuwa hewa tu. Uliegesha mapema, nina matumaini, lakini kipimo ndicho kitakachosema. Ikibidi ishuke, sisitiza inyooshwe kwa kupimwa na rula ya chuma, si kwa jicho.

Magari mengine, kwa ufupi, maana najua jirani ataazima ushauri huu kwako. Subaru nyingi zina kizibo cha plastiki cha kutolea hewa kwenye kona ya rejeta. Kinavunjika upesi, kilegeze kwa upole. BMW na Volkswagen zina taratibu zao, nyingine huhitaji kompyuta kuiendesha pampu ya umeme. Hiace injini iko chini ya kiti na mabomba ni marefu, hapo subira inahitajika mara mbili. Magari kama hayo yapeleke kwa mwenye mashine ya kuvuta hewa: inanyonya mfumo mzima hadi mipira inasinyaa, kisha inaachia kulenti iingie yenyewe. Dakika chache kazi imekwisha, na kama kuna tundu sindano ya mashine inashuka mbele ya macho yako.

Ulichoongeza mara tatu, nadhani, ni maji ya bomba. Hewa ikishaisha, mwaga yote na ujaze kulenti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa kama yale ya betri, au ile iliyokwisha kuchanganywa. Rangi si kipimo, soma kopo. Hatuihitaji kwa barafu, tunaihitaji kwa kutu na kwa kuchelewesha kuchemka. Unapomwaga, pima kilichotoka kwenye ndoo yenye alama. Kilichotoka ndicho kinachotakiwa kurudi. Zimetoka lita nne na nusu zikarudi tatu, lita moja na nusu iliyobaki ni hewa, na unaijua kabla hujawasha.

Hadi hapo usipande milima wala kwenda mbali. Ukilazimika na mshale ukapanda, zima AC, fungua hita yote, egesha, zima injini, na usimwagie maji baridi injini iliyochemsha; iache angalau saa moja. Mshale ukikaribia nyekundu tena, liite gari la kuvuta. Baada ya asubuhi zile tatu niandikie mambo mawili tu: tepu ilikuwa wapi kila siku, na mpira wa juu ulikuwaje dakika ya kwanza baada ya kuwasha.